Maumivu Sugu ya Mlango wa Uke: Namna ya Kuyatambua, Kuyapima na Kuyatibu

Mwanamke anapohisi kuchomwachomwa, kuungua au kuuma katika sehemu ya nje ya uke kwa wiki nyingi, jambo la kwanza analoambiwa katika maduka mengi ya dawa ni kwamba ana fangasi, na la pili ni kwamba ana UTI. Hupewa vidonge vya kuweka ukeni, kisha krimu, kisha antibayotiki. Hupata nafuu ya siku chache au asipate kabisa, na baada ya miezi kadhaa hufika hospitali na mfuko wa maboksi ya dawa, pamoja na majibu ya maabara yanayosema kuwa hakuna kilichoonekana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mume, mama, dada au mhudumu wa afya anayemsindikiza. Msimamo wake ni kwamba maumivu hayo yana mahali pake, yana namna yake na yana wakati wake. Mambo hayo matatu yakichunguzwa kwa utaratibu, chanzo mara nyingi hupatikana, na pale ambapo hakuna chanzo kinachoonekana, tiba ipo vilevile.

Maumivu ya sehemu hii huhesabiwa kuwa sugu yakidumu kwa miezi 3 au zaidi. Mwaka 2015 vyama vya kimataifa vya wataalamu vilikubaliana kuyagawa katika mafungu mawili: yale yenye chanzo kinachojulikana, kama vile maambukizi, ugonjwa wa ngozi, kovu au upungufu wa homoni, na yale ambayo chanzo chake hakionekani hata baada ya uchunguzi kamili, ambayo huitwa vulvodinia. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na mafungu yote mawili kwa wakati mmoja, na hilo hueleza kwa nini wengine hutibiwa fangasi halisi, wakapona fangasi hiyo, lakini wakabaki na maumivu.

Tatizo hili si la nadra. Katika utafiti uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003, wanawake wapatao 16 kati ya kila 100 walisema wamewahi kuwa na maumivu ya aina hii kwa miezi 3 au zaidi, na karibu 4 kati ya kila 10 miongoni mwao hawakuwahi kutafuta matibabu. Kama wanawake wa Boston wanaona haya kiasi hicho, mtu hashangai kwamba kwetu jambo hili husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingine husingiziwa jini mahaba.

Anza kwa kufahamu mahali

Baada ya kuoga, funga mlango, kaa juu ya mkeka ukiegemea ukuta, kunja magoti na weka kioo kidogo mahali penye mwanga. Utaona mashavu ya nje yenye nywele, kisha mashavu ya ndani yasiyo na nywele. Juu, mashavu ya ndani yanapokutana, kuna kinembe, na chini, kati ya mlango wa uke na njia ya haja kubwa, kuna msamba. Ukiyafungua mashavu ya ndani taratibu utaona eneo laini na lenye unyevu linalozunguka tundu la mkojo na mlango wa uke. Eneo hilo, ambalo hapa tutaliita ukumbi wa uke, ndilo linalouma kwa wanawake wengi wenye maumivu yanayotokea wakati wa kuguswa, ingawa wenyewe husema tu kwamba "ndani kunauma".

Tazama kama ngozi ina mabaka meupe, michubuko, vidonda, uvimbe au kovu. Kisha gusa kwa kidole safi au kwa kijiti cha pamba kilicholowa maji, ukianzia paja na kusogea polepole kuelekea ukumbini, ili ujue maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Usijaribu kujipa jina la ugonjwa. Lengo ni uweze kusema mbele ya daktari: "ni hapa, chini upande wa kulia wa mlango wa uke, na si kwingine."

Daftari la wiki nne

Kabla ya kwenda hospitali, au hata baada ya kuanza matibabu, andika habari za maumivu kila siku. Mistari mitatu inatosha, mradi isiruke mahali, kiasi kuanzia 0 hadi 10, jambo lililoyaanzisha, siku ya mzunguko wa hedhi na kila kitu ulichopaka au kumeza. Mfano wa maandishi yenye manufaa ni huu: "Jumanne, siku ya 22 ya mzunguko. Nilikaa kwenye daladala saa nzima, maumivu 4 chini ya mlango wa uke, yakapungua niliposimama. Usiku tulijaribu tendo la ndoa, yakafika 8 wakati wa kuingia tu, kisha nikahisi kuungua hadi alfajiri. Sikupaka kitu."

Maandishi kama hayo yanamweleza mtaalamu mambo mengi kuliko sentensi "ninaumwa huku chini". Maumivu yanayokuja pale tu mahali pamoja panapoguswa huelekeza kwenye ukumbi wa uke na misuli iliyo chini yake. Maumivu yanayotanda eneo lote bila kuguswa huelekeza zaidi kwenye mishipa ya fahamu. Yale yanayozidi mtu anapokaa, yakapungua anaposimama au anapokaa kwenye choo cha kukalia, huleta mashaka juu ya mshipa wa fahamu unaopita kwenye nyonga na kuhudumia msamba. Andika pia historia: maumivu yalikuwapo tangu mara ya kwanza ya tendo la ndoa, au yalianza baada ya kujifungua, baada ya fangasi iliyojirudia, au baada ya kubadili njia ya uzazi wa mpango?

Vyanzo vinavyopaswa kutafutwa kwanza

Fangasi ipo na huleta maumivu, lakini dalili yake kuu ni kuwashwa, mara nyingi pamoja na uchafu mzito mweupe. Haithibitishwi kwa kuangaliwa usoni mwa mgonjwa, bali kwa kuchukua ute na kuutazama kwa hadubini, na inapojirudia, kwa kuotesha vimelea maabara ili kujua ni aina gani. Usitumie dawa yoyote ya ukeni siku chache kabla ya kipimo, kwa sababu dawa huficha vimelea na kuacha majibu yasiyoeleweka. Fangasi iliyothibitishwa ikijirudia mara 3 au zaidi kwa mwaka, pima sukari na pima virusi vya UKIMWI, kisha omba matibabu ya muda mrefu badala ya dozi fupi zinazorudiwarudiwa. Krimu zinazochanganya dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi (dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe) katika mrija mmoja hupendwa sana madukani, na kwa maoni yangu ndizo zinazoharibu ngozi ya wanawake wengi: hutuliza kwa siku mbili, huficha ugonjwa, kisha huacha ngozi ikiungua.

Magonjwa ya ngozi husahaulika kuliko yote. Likeni sklerosi huifanya ngozi ya mashavu na msamba kuwa nyeupe, nyembamba na yenye kuchanika kwa urahisi, huwasha hasa usiku, na ikiachwa hula mashavu ya ndani na kukifunika kinembe. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo hudhaniwa kuwa mbalanga, lakini mbalanga haiwashi wala haipunguzi unene wa ngozi. Tiba yake ni marhamu ya klobetasoli ya asilimia 0.05, ambayo kwa kawaida hupakwa kila siku kwa mwezi mmoja, kisha hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu klobetasoli kama kiungo cha krimu za kujichubua, hivyo wanapoandikiwa hospitali huogopa na kuitupa. Tofauti iko katika kiasi, mahali na usimamizi: kiasi cha kufunika ncha ya kidole kinachopakwa sehemu yenye ugonjwa hakifanani na kopo linalopakwa mwili mzima kwa miaka. Ugonjwa huu unahitaji kufuatiliwa maishani, kwa sababu kwa wachache huweza kugeuka saratani.

Kwa wakazi wa pwani, Unguja na Pemba, na baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa, kichocho cha mkojo hakina budi kukumbukwa. Mayai ya kichocho hunasa katika shingo ya kizazi, kuta za uke na hata sehemu ya nje, yakaleta maumivu, kuwashwa na kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Mwanamke huyo hutibiwa magonjwa ya zinaa mara kwa mara, pengine na kutuhumiwa kukosa uaminifu, ilhali alipata vimelea akiwa mtoto akichota maji. Mkojo unaweza kuonekana safi huku mayai yakiwa bado kwenye nyama ya uke. Ukiwa umekulia penye vijito, mabwawa au mashamba ya mpunga, mwambie daktari bila kusubiri aulize. Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, nayo hupatikana hata katika vituo vya chini.

Kupungua kwa homoni ya estrojeni baada ya kukoma hedhi, na wakati wa kunyonyesha, hukausha ngozi ya ukumbi wa uke na kuifanya nyembamba. Mama anayenyonyesha huambiwa kwamba maumivu ni ya mshono tu, kumbe mshono umepona na ngozi ndiyo iliyokauka. Krimu ya estrojeni ya kiwango kidogo inayopakwa mahali hapo husaidia sana, lakini daktari aidhinishe, hasa kama umewahi kuwa na saratani ya matiti. Baadhi ya wanawake maumivu yao yalianza walipotumia vidonge vya majira. Ushahidi wa jambo hilo haujakubaliana, ila kubadili njia kwa ushauri wa mtoa huduma ni jaribio lisilo na gharama kubwa. Malengelenge ya sehemu za siri na mkanda wa jeshi navyo huacha maumivu ya mishipa hata vidonda vikishakauka.

Yapo pia makovu. Kuongezewa njia wakati wa kujifungua, kuchanika, au mshono ulioshika vibaya huweza kuacha kamba ngumu inayouma kila inapoguswa. Ukeketaji huacha zaidi ya hayo. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa karibu asilimia 8 ya wanawake wa Tanzania na asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Mahali palipokatwa, mshipa wa fahamu wa kinembe huweza kuota uvimbe mdogo unaouma vikali ukiguswa hata na nguo, na chini ya kovu hujitokeza vifuko vya uvimbe vinavyokua taratibu. Vyote viwili hutibika kwa upasuaji. Mwanamke aliyefanyiwa jambo hilo akiwa mtoto aseme ukweli mbele ya daktari; kuomba matibabu ya madhara yake si kosa.

Kabla ya kuendelea, kuna dalili ambazo hazistahili kusubiri daftari wala wiki nne: kidonda au uvimbe usiopona, kutokwa na damu baada ya kukoma hedhi, kushindwa kukojoa, ganzi kwenye msamba au miguu, homa pamoja na uvimbe wenye maumivu makali, na ujauzito wenye maumivu au damu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya uchunguzi

Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, kuwa na mtu wako chumbani, na kusema "simama" wakati wowote. Katika ziara ya kwanza si lazima kifaa cha kufungulia uke kitumike. Mwanamke ambaye hajawahi kuingiliwa naye anaweza kuchunguzwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchunguzi huu ni ya nje. Unaweza kuanza hivi: "Shikamoo daktari. Nina maumivu ya mlango wa uke kwa miezi minane, na nimetumia dawa za fangasi mara nyingi bila kupona. Naomba unitazame sehemu ya nje na unipime kwa kijiti cha pamba, na tusubiri majibu ya maabara kabla ya dawa nyingine ya fangasi." Ni vigumu kwa daktari kukuandikia dawa bila kukutazama ukiwa umesema maneno hayo.

Kipimo cha kijiti cha pamba hakihitaji mashine yoyote, na hata zahanati inaweza kukifanya. Mhudumu huuchukulia ukumbi wa uke kama uso wa saa ya ukutani: namba 12 iko juu kuelekea kinembe, namba 6 iko chini kuelekea msamba. Huanza kwa kugusa paja, ili ujue mguso wenyewe ukoje, kisha mashavu ya nje, mashavu ya ndani, na hatimaye pembezoni mwa mlango wa uke, namba baada ya namba, huku wewe ukitaja kiasi cha maumivu kuanzia 0 hadi 10. Kwa wanawake wengi wenye maumivu ya mguso, paja hutoa 0, mashavu ya nje 0 au 1, halafu sehemu ya chini, kati ya namba 4 na namba 8, hutoa 7 au 8 ghafla, na mgonjwa hujivuta nyuma bila kukusudia. Hapo ugonjwa usioonekana kwa macho umepata ramani. Mhudumu aichore kwenye faili, kwa sababu ramani hiyohiyo ndiyo itakayolinganishwa miezi 3 baadaye.

Baada ya hapo, ukikubali, huingiza kidole kimoja chenye kilainishi na kubonyeza taratibu misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayouzunguka na kuushikilia uke kwa chini, kulia na kushoto. Misuli iliyokakamaa huuma ikibonyezwa na hurudisha maumivu yaleyale unayoyajua. Maabara ichunguze ute kwa hadubini na kiwango chake cha asidi, mkojo uoteshwe badala ya kutazamwa kwa kijiti cha rangi peke yake, na pale ngozi inapoonekana tofauti, kikatwe kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi ili kipimwe. Ngozi ikiwa ya kawaida, hakuna haja ya kukata kipande hicho.

Kama hakuna chanzo kilichoonekana

Vulvodinia haimaanishi kwamba maumivu ni ya kufikirika. Katika nyama iliyotolewa kwenye ukumbi wa uke wa baadhi ya wagonjwa, wataalamu wamekuta ncha za mishipa ya fahamu zikiwa nyingi kuliko kawaida, hivyo mguso mdogo hupelekwa kwenye ubongo kama maumivu makubwa. Misuli nayo hukaza ili kujikinga, kukaza huko huongeza maumivu, na maumivu huongeza kukaza. Hali hii haiambukizi, si saratani, haizuii mimba na haithibitishi kwamba mtu amefanya uasherati.

Tiba huanza kwa kuipumzisha ngozi, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe wakali. Osha sehemu ya nje kwa maji ya uvuguvugu na mkono peke yake, mara moja au mbili kwa siku, na usiingize kidole kusafisha ndani, kwa kuwa uke hujisafisha wenyewe. Acha sabuni, Dettol, maji ya ndimu, magadi, shabu, vitambaa vyenye manukato, na kufukiza udi sehemu za siri. Najua kwamba baadhi ya mafunzo ya kungwi na somo husisitiza uke ukauke na ubane. Mafunzo hayo yana mengi mazuri kuhusu ndoa, ila hili la kukausha linaunguza ngozi na linapaswa kuachwa. Vivyo hivyo mama aliyejifungua asikalie maji ya moto ya kuunguza kwa nia ya kukausha mshono. Vaa chupi ya pamba isiyobana, ifue kwa sabuni isiyo na harufu na uisuuze mara kadhaa, lala bila chupi, na chagua pedi zisizo na manukato. Paka vaselini isiyo na harufu au mafuta safi ya nazi kwa wembamba ili mkojo na jasho visiguse ngozi moja kwa moja. Mafuta haya hulegeza mpira wa kondomu, kwa hiyo anayetumia kondomu atumie kilainishi cha maji. Fanya hivi kwa wiki 6 kabla ya kuamua kwamba haisaidii; wapo ambao hatua hii pekee huwamalizia nusu ya tatizo.

Dawa ya ganzi ya kupaka, yaani lidokeini, ama marhamu ya asilimia 5 ama jeli ya asilimia 2, hupunguza maumivu ya mguso kwa muda. Hupakwa kiasi kidogo ukumbini dakika 15 hadi 20 kabla ya tendo la ndoa, kisha hufutwa ili mume naye asipate ganzi. Huchoma kidogo dakika za mwanzo, halafu hutulia; ikiendelea kuchoma au ngozi ikivimba, acha. Ninaiona kuwa msaada wa kuvukia mto, si makao, kwa sababu haigusi misuli.

Misuli ndiyo inayostahili jitihada kubwa zaidi. Katika jaribio lililofanyika Kanada kwa wanawake 212 wenye maumivu ya mguso na kuchapishwa mwaka 2021, wiki 10 za fiziotherapia (tiba ya mazoezi na mikono) ya sakafu ya nyonga zilileta nafuu kubwa kuliko lidokeini iliyopakwa kila usiku. Hospitali nyingi za rufaa zina idara ya fiziotherapia, ingawa si kila mtaalamu amefundishwa eneo hili, hivyo uliza waziwazi kama yupo anayeshughulikia nyonga za wanawake, hata kama bango la mlangoni linataja migongo na magoti tu.

Asiye na mtaalamu karibu anaweza kuanza nyumbani. Lala chali, kunja magoti, weka mto chini ya kila goti ili mapaja yalale pembeni bila kujikaza, na weka mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua taratibu hadi mkono uinuke, na wakati huohuo acha sehemu ya chini ilegee, namna inavyolegea mkojo unapoanza kutoka. Toa pumzi bila kubana chochote. Dakika 10 kila siku, kwa wiki mbili, bila kugusa mahali panapouma. Usifanye mazoezi ya kubana uke yanayosifiwa sana mitandaoni. Misuli yako tayari imebana, na kuizidishia kazi huongeza maumivu. Wiki ya tatu, ukiwa umelala vilevile, kata kucha, paka mafuta ya nazi kidoleni na uweke ncha yake mlangoni mwa uke bila kusukuma. Subiri hadi maumivu yashuke chini ya 3, ndipo uingize pingili moja huku ukitoa pumzi, ubonyeze taratibu kuelekea msamba kwa sekunde 30, na urudie upande wa kulia na wa kushoto. Vipanuzi vya uke, vinavyouzwa kwa seti kuanzia kilicho chembamba, hufuata utaratibu huohuo. Siku ambayo maumivu yanabaki juu ya 4, rudi hatua moja nyuma. Kulazimisha hufundisha misuli kukaza zaidi.

Kwa maumivu yanayokuja yenyewe bila kuguswa au yanayotanda eneo lote, daktari anaweza kuandika amitriptilini, akianzia miligramu 10 usiku na kupandisha kidogo kidogo. Maduka mengi huwa na kidonge cha miligramu 25 tu, kwa hiyo muulize kama unaweza kukikata. Isikushtue kusoma kwamba ni dawa ya sonona. Kwa kiwango kidogo hutumika kutuliza mishipa ya fahamu. Huleta usingizi, kinywa kikavu na choo kigumu, haiwafai baadhi ya wenye matatizo ya moyo au presha ya macho, na nafuu yake huchukua wiki 6 hadi 8 kuonekana. Isiachwe ghafla. Gabapentini ni chaguo jingine, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2018 halikuona kwamba inashinda kidonge kisicho na dawa kwa maumivu ya mguso, kwa hiyo mwenye maumivu hayo pekee asitumie fedha nyingi huko kabla ya kufanyia kazi misuli.

Ushauri nasaha wa kisaikolojia haupendekezwi kwa sababu ugonjwa uko kichwani, bali kwa sababu hofu ya maumivu hukaza misuli kabla hata ya kuguswa. Upasuaji wa kuondoa ngozi ya ukumbi wa uke upo, huwafaa baadhi ya wenye maumivu ya mguso ya mahali pamoja, na hufanywa baada ya mengine yote kushindwa, mikononi mwa daktari aliyewahi kuufanya.

Mume na tendo la ndoa

Kuingiliwa kwa kuvumilia maumivu hurudisha nyuma matibabu. Sitisheni kuingiliana kwa muda, na si kukaribiana. Kukumbatiana, kubusiana na kupapasana sehemu zisizouma viendelee, la sivyo mume huona amekataliwa na mke huanza kuukwepa hata mkono wa begani. Maneno yasemwe mchana, si kitandani: "Baba Amina, si kwamba sikutaki. Mlango wa uke una ugonjwa, daktari ameuona, na amesema tupumzike miezi miwili huku nikitibiwa. Twende wote ziara ijayo." Mume aliyekiona kijiti cha pamba kikimfanya mkewe aruke huelewa kwa sekunde moja kile ambacho maelezo ya mwaka mzima hayakumfikishia. Mkianza tena, kilainishi kiwe tele, mke ndiye awe juu au aongoze mwendo, na kuingia kusimamishwe maumivu yakizidi 3.

Kufuatilia

Anza jambo moja kwa wakati, ukiacha wiki kadhaa kati ya moja na jingine, ili ujue ni lipi lililosaidia. Kila mwisho wa wiki tafuta wastani wa namba ulizoandika. Kushuka kutoka 7 hadi 4 katika miezi 3 ni maendeleo mazuri, hata kama siku za karibu na hedhi bado hupanda. Rudia kipimo cha kijiti cha pamba kwa mhudumu yuleyule. Namba zikibaki palepale baada ya miezi 3 ya kufuata matibabu bila kuruka, au mabaka na kovu vikibadilika, omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Nenda na daftari, ramani ya kipimo cha kwanza, majibu yote ya maabara, na orodha ya kila dawa uliyokwisha kutumia pamoja na tarehe zake, ili asianze tena na vidonge vya fangasi.